Gari ya mkataba ikiwa na kasoro, nani wa kuibeba?

Kijana wa Unguja au Pemba anayetaka kula kwa usukani ni nadra kuwa na fedha za kununua gari mara moja. Huichukua kwa mkataba. Tajiri ananunua Noah au Alphard yadi, kijana anaipeleka uwanja wa ndege, Nungwi na Paje, kila jioni anapeleka hesabu, na baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili gari inakuwa yake. Wengine hupitia benki, kwa ijara (kukodi kwa kanuni za Kiislamu) au murabaha (kununua kwa bei yenye faida iliyokubaliwa). Wengine hukodi tu, mwezi kwa mwezi. Utaratibu huu umewajengea watu nyumba na kusomesha watoto, na sina neno baya juu yake. Tabu huja siku gari inapogoma kwa ugonjwa iliokuja nao. Siku hiyo tajiri anasema nenda yadi. Yadi wanasema wewe hatukujui, tumemuuzia tajiri. Benki inasema gari uliichagua mwenyewe. Fundi anataka chake kabla ya kufungua boneti. Na hesabu ya jioni iko pale pale.

Mara nyingi anayeishia kulipa ni dereva, kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani gari ilipozima. Anakopa kwa mama, anauza honda yake, anafungua injini ya mtu mwingine kwa fedha zake. Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa si sheria ya nchi wala ya dini inayomtaka afanye hivyo. Kabla ya kutoa hata shilingi, dereva ana swali moja la kuuliza: kasoro hii ilipoanza, gari ilikuwa mali ya nani? Jibu lake ndilo linalokuonyesha mlango wa kugonga. Baada ya hapo, nguvu yako yote iko katika ulisema lini, na ulisema kwa maandishi au kwa mdomo.

Umesaini mkataba gani?

Mikataba ya gari huku kwetu iko ya aina tatu, na wengi hawajui wamesaini upi. Ya kwanza ni kukodi kwa kawaida: gari ni ya mwenyewe, wewe unalipia matumizi, muda ukiisha unairudisha. Hii haina utata. Injini, giaboksi na chasisi ni vya mwenye gari, na vikiharibika bila kosa lako ni juu yake.

Ya pili ni kukodi kunakoishia kwenye umiliki. Hapa ndipo ilipo ile hesabu ya tajiri, na ndipo ilipo ijara ya benki. Mpaka malipo ya mwisho, kadi ya gari inasoma jina la tajiri au la benki. Lakini tajiri siku ya kukukabidhi funguo hukwambia, "Hii gari yako, itunze," na wewe kwa furaha unaitikia. Kwa kauli hiyo anakutwisha injini nzima. Ukichelewa hesabu wiki mbili, mtu huyo huyo anakuja na ufunguo wa akiba na kuiondoa gari mlangoni pako, kwa sababu ni yake. Mali haiwezi kuwa ya tajiri siku ya kunyang'anya ikawa ya dereva siku ya kutengeneza.

Ya tatu ni kununua kwa awamu, na murabaha imo humu. Gari inakuwa yako tokea siku ya kwanza, kilichobaki ni deni. Wewe ni mnunuzi, na ukikuta kasoro unadai kama mnunuzi.

Ukitaka kujua umo wapi, usitazame kichwa cha karatasi, maana watu huandika chochote pale juu. Tazama kadi ina jina la nani. Tazama kama fedha unazotoa zimeitwa kodi au bei, na kama jumla ya bei imeandikwa. Halafu jiulize: gari hii ikiteketea usiku wa leo bila kosa langu, kesho nitaendelea kulipa? Kama jibu ni hapana, umekodi. Kama ni ndiyo, umenunua. Na kama mkataba wako unasema gari ni ya tajiri na bado unakutaka uendelee kulipa ikiteketea, basi kuna mtu anataka faida ya pande zote mbili. Mkataba wa namna hiyo uhojiwe kabla ya kusainiwa.

Ijara, murabaha, na mzigo wa kila mmoja

Tangu Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ilipofungua huduma zake za Kiislamu mwaka 2011, ijara na murabaha yamekuwa maneno ya kila siku mjini. Matajiri wa mitaani nao wameyachukua. Wengi wanalichukua jina wakaziacha kanuni nyuma, na kanuni zenyewe ndizo zinazomlinda dereva.

Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, anayekodisha anauza manufaa ya kitu, na kitu chenyewe kinabaki chake. Kwa hiyo matengenezo makubwa, yale ambayo bila yake gari haitoi manufaa, ni juu yake. Oili, plagi, breki na tairi zinazoisha kwa kutembea anaweza kupewa aliyekodi. Ndivyo viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain ambayo benki nyingi za Kiislamu duniani huvitazama viwango vyake, vinavyosema katika kiwango namba 9 kinachohusu ijara. Humo pia imo kwamba kodi ni malipo ya manufaa: manufaa yakikatika bila kosa la aliyekodi, na kodi inakatika. Aliyekodi ana mkono wa amana. Hadaiwi uharibifu mpaka ithibitike kwamba alivuka mipaka au alizembea, kwa mfano aliona taa ya joto imewaka na akaendelea kukanyaga mafuta mpaka Mahonda.

Liko jambo jingine katika kiwango hicho ambalo madereva wachache wanalijua, nalo lina fedha ndani yake. Ijara inayoishia kwenye umiliki huwa na kodi kubwa kuliko kukodi kwa kawaida, kwa sababu ndani ya kodi hiyo mna kipande cha kununulia. Sasa gari ikifa njiani bila kosa lako na mkataba ukavunjika, kile kipande hakiwezi kupotea hivi hivi. Tuchukue mfano. Hesabu yako ni shilingi 30,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Gari kama hiyo, kwa kukodi tu bila ahadi ya kuimiliki, ingekodishwa shilingi 20,000. Basi kila siku ulikuwa unaweka shilingi 10,000 kwa ajili ya kununua. Baada ya miezi minane umeweka 2,080,000. Injini ikafa kwa kasoro iliyokuja nayo, tajiri akachukua gari yake, hizo shilingi milioni mbili na zaidi ni za kurudi kwako. Tajiri amekwisha pata kodi ya soko kwa miezi yote minane, hajadhulumiwa.

Murabaha iko tofauti. Benki inanunua gari kwa yadi, inaimiliki, halafu inakuuzia kwa bei yenye faida mliyokubaliana. Aliyekuuzia ni benki, kwa hiyo kwa asili kasoro iliyofichika unaidai benki. Lakini fungua ukurasa wa nyuma wa mkataba. Mara nyingi utakuta kifungu kinachosema benki haitawajibika na kasoro za gari. Viwango hivyo hivyo vya AAOIFI vinaruhusu kifungu cha namna hiyo, ila vinapendekeza benki nayo ikukabidhi haki yake ya kuidai yadi. Kifungu cha kwanza hakikosekani kwenye mikataba, cha pili ndicho wateja wanachosahau kukitafuta. Ukikosa hicho cha pili unabaki katikati: benki haidaiwi, na yadi inasema haikuuzia wewe. Kikikosekana kwenye mkataba wako, kiombe kwa barua kabla hujasaini.

Kasoro ni ipi, na ipi ni uchakavu?

Si kila kinachoharibika ni kasoro ya kumrudishia mtu. Gari tunazopanda zimetumika Japan miaka kumi na zaidi. Bushi zitalia, shokapu zitachoka, betri itakufa. Kasoro inayobeba dai ni ile iliyokuwepo kabla hujakabidhiwa gari, iliyojificha kwa mtu wa kawaida kuiona, na inayopunguza thamani ya gari au kuizuia kufanya kazi uliyoichukulia. Tairi kipara uliliona, ukalinyamazia. Injini iliyowahi kuchemsha, ikafungwa na kupakwa gundi, hukuiona.

Mfano wa pili nimeushuhudia kwenye gereji moja ya Mwanakwerekwe. Alphard ya mkataba, ile ya toleo la kwanza yenye injini ya 2AZ, ilikuwa imechemsha ikitoka Nungwi na wageni, AC ikiwa wazi. Kijana wa Fuoni aliyekuwa akiiendesha alikuwa amekaa juu ya tairi, simu mkononi, hajui ampigie nani kwanza. Fundi aliingoja ipoe, akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza juu. Ndani yake oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, alama ya maji kuingia kwenye oili. Alipofika kwenye boliti za hedi, kile kipande cha juu kinachofungwa kwenye bloku ya injini, za upande wa nyuma zilitoka bila nguvu, na kwenye meno ya boliti mmoja palikuwa pamejisokota nyuzi za alumini. Ilikuwa bloku yenyewe imeng'oka meno. Mafundi wanaojua injini hizi wanaujua ugonjwa huo, ni wa 2AZ za miaka ile, na dereva hana mkono ndani yake. Kisha akaonyesha kwa ncha ya bisibisi mstari wa gundi ya kijivu iliyovuja pembeni ya hedi. "Hii si ya kiwandani. Hii injini imewahi kufunguliwa na mtu akaifunga kwa haraka." Kijana akanyoosha mkono na kitambaa, ataka kuufuta aone vizuri. Fundi akamzuia: "Usifute. Piga picha kwanza."

Fundi yule alikuwa anajua kazi ya mwanasheria kuliko wengi. Mstari ule wa gundi unajibu maswali mawili kwa pamoja: kasoro ilikuwepo kabla, na kuna mtu aliificha.

Kilomita ni uwanja mwingine wa udanganyifu. Geji hurudishwa nyuma kwa mashine ndani ya dakika chache. Lakini cheti cha kusafirishia gari kinachotolewa Japan, kile kinachokuja na makaratasi ya bandarini Malindi, huwa kimeandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa gari huko kwao. Ukimwomba tajiri nakala yake na ukakuta geji ya leo iko chini kuliko cheti, huhitaji shahidi. Karatasi ya mnada wa Japan nayo ina daraja la gari, na herufi R mahali pa namba maana yake gari iligongwa ikatengenezwa. Yadi nyingi wanayo karatasi hii na hawaitoi mpaka waombwe.

Hapa niongeze jambo la uhai, maana halizungumzwi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Mfuko ukipasuka, kikasha chake cha chuma huvunjika na kurusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa hilo katika nchi kadhaa, na ndio urudishaji mkubwa wa magari viwandani kuliko wowote uliowahi kutokea. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Tovuti ya Toyota ya Japan ina ukurasa wa kuingiza namba ya chasisi na kuona kama gari ilikuwa katika orodha na kama ilibadilishiwa. Imo kwa Kijapani, lakini tafsiri ya simu inatosha. Tajiri anayekukabidhi gari ya kubeba watu ana wajibu wa kulitazama hilo.

Sema mapema

Sheria ya dini na sheria ya mahkama zimetoka mashina tofauti, lakini kwenye jambo hili zinakutana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa visiwani, mnunuzi aliyegundua aibu, yaani kasoro, katika kitu ana hiari ya kukirudisha, lakini afanye hivyo pale pale anapoijua. Akiendelea kukitumia bila dharura baada ya kujua, ameridhika nacho. Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi ina mizizi katika sheria ya Kiingereza ya 1893, nayo inasema aliyekaa na bidhaa muda wa kutosha bila kusema kwamba anaikataa, huhesabiwa ameikubali. Kwa hiyo yule anayeona gari inachemsha, akaongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi miezi miwili kwa matumaini kwamba itapona, anajifungia mlango mwenyewe.

Kumpigia simu tajiri hakutoshi. Simu haina kumbukumbu ya mliyoyasema. Piga, muamkie, mweleze, halafu mwandikie ujumbe siku hiyo hiyo. Hakuna haja ya Kiswahili cha mahkamani:

"Mzee, asalaam alaykum. Gari Alphard niliyoipokea kwako tarehe fulani imechemsha leo tarehe fulani, kilomita zinasoma hivi. Fundi amekuta boliti za hedi zimeng'oka na alama kwamba injini iliwahi kufunguliwa kabla. Picha nimekutumia. Gari nimeiegesha gereji, siiendeshi. Naomba uje uione au umlete fundi wako ndani ya siku tatu. Kwa kuwa gari haitembei, hesabu imesimama kuanzia leo mpaka itakapotengenezwa."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Tarehe na kilomita zinaonyesha hukukaa kimya. "Siiendeshi" inaonyesha hukuridhika nayo. Kumwita aje na fundi wake kunamnyima maneno ya kesho kwamba umeichezea injini. Na kuhusu hesabu umeeleza sababu, hukujificha. Tajiri wengine watajibu, "Kijana wangu, gari nilikupa nzima." Mjibu kwa adabu, kwa maandishi vile vile, na mkumbushe kwamba hakuna anayemtuhumu kuivunja. Kinachoulizwa ni ilivyokuja kutoka yadi. Mara nyingi tajiri naye kauziwa mbovu, na ukimweka upande wako mapema mtakwenda yadi mkiwa wawili.

Ushauri huu wa kusimamisha hesabu usiupeleke benki. Kwa benki usiache kulipa kwa uamuzi wako peke yako, hata ukiwa na haki, kwa sababu jina lako linaweza kuingizwa katika kumbukumbu za wakopaji wasiolipa kabla malalamiko yako hayajasomwa. Andika malalamiko, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, omba malipo yasitishwe, na lipa huku barua ikieleza kwamba unalipa bila kuikubali kasoro.

Vipuri vilivyotolewa usiviachie gereji vikauzwa chuma chakavu. Boliti ile yenye nyuzi za alumini ni shahidi. Fundi aandike alichokiona, aweke jina lake na namba yake ya simu, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Maneno ya yadi

Yadi wakisema hawakujui, kwa sheria wana hoja: wewe hukuwa ndani ya mkataba wao na tajiri. Usipoteze siku kubishana. Omba tajiri akupe barua ya uwakala ya kudai kwa niaba yake, au mwende naye. Mara tu anayesimama mbele yao ni mnunuzi wao, neno hilo limekwisha.

Litakuja la pili: "Gari tumeuza kama ilivyo." Hili linatisha watu kuliko linavyostahili. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 149, ilifuata ile ya India ya 1872, na ndani yake kuna tofauti kati ya kunyamaza na kuficha. Muuzaji aliyenyamaza tu, na wewe ungeweza kuiona kasoro kwa uangalifu wa kawaida, ni vigumu kumshika. Aliyefanya kitendo cha kuficha amedanganya, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Gundi mpya kwenye hedi, rangi nyeusi mbichi iliyopuliziwa chini ya gari kufunika kutu, taa ya injini iliyotolewa balbu isiwake: hivyo ni vitendo. Ndiyo maana nasema picha, picha, picha. Taa hiyo, kwa njia, ipime siku ya kuchukua gari. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini lazima iwake, kisha izime injini ikinguruma. Isiyowaka kabisa imeguswa na mtu. Katika dini yetu hata kule kunyamaza hakuna nafasi, maana muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake ametakiwa aibainishe, na wauzaji wengi wa hapa ni watu wa msikitini. Kukumbushwa hilo mbele ya mtu mzima wanayemheshimu kumemaliza kesi nyingi kabla ya barua.

"Ilete kwa fundi wetu." Ipeleke, lakini fundi wako awepo inapofunguliwa, na uwe na karatasi inayoonyesha wameipokea ikiwa na nini. "Bosi yuko Dubai." Acha barua kwa aliyepo, aandike jina na tarehe. Wakikubali kubadilisha injini, hiyo ni nafuu ya kweli, ila namba ya injini mpya lazima ibadilishwe kwenye kumbukumbu za gari na kwenye kadi, la sivyo utakuja kusimamishwa na kuulizwa injini umeitoa wapi. Na dhamana ya hiyo injini iandikwe ni ya muda gani. Dhamana ya mdomo ya yadi huisha gari ikivuka geti.

Mlango wa kugonga

Video nyingi za ushauri zinatoka Dar es Salaam na zinamtuma mtu Tume ya Ushindani ya huko, FCC. Biashara ya ndani si jambo la Muungano. Huku mlango wetu ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ZFCC, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji. Malalamiko ya yadi iliyouza gari yenye kasoro ni ya kupeleka hapo. Ukiwa na mgogoro na benki ni habari nyingine, kwa sababu benki ni mambo ya Muungano na msimamizi wake ni Benki Kuu ya Tanzania. Anza na benki yenyewe kwa maandishi, ikishindikana ndipo uende Benki Kuu.

Wengi wakisikia ijara hukimbilia kwa kadhi. Mahkama ya Kadhi ya Zanzibar inasikiliza ndoa, talaka, matunzo, mirathi, wakfu na mengine ya hali binafsi za Waislamu. Mkataba wa gari, hata ukiandikwa kwa Bismillahi na istilahi zote za fiqhi, unakwenda mahkama za kawaida, kwa kiwango kinachotegemea fedha zinazodaiwa. Sheha si hakimu, lakini kikao mbele yake chenye muhtasari uliosainiwa ni ushahidi mzuri kwamba ulidai na mwenzako aliitwa. Asiye na uwezo wa wakili aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, au amtafute msaidizi wa sheria wa shehia yake. Pemba wapo pia.

Bima nitaipitia haraka, kwa kuwa matumaini mengi huwekwa huko bure. Bima ya lazima, ile ndogo, inalipa madhara ya watu wengine. Bima kubwa inalipa gari ikigongwa, ikiungua au ikiibiwa. Injini iliyokufa kwa ugonjwa wake hailipwi na yoyote kati ya hizo.

Mkiamua kuirudisha

Yakishindikana yote na mkakubaliana gari irudi, usiirudishe kwa kutupa funguo mezani. Irudishe mchana, mbele ya mashahidi wawili. Piga picha geji, pande nne za gari, tairi, redio, tairi la akiba na jeki. Andikeni karatasi moja yenye tarehe, kilomita, kasoro iliyosababisha irudi, jumla ya fedha ulizokwisha lipa na kiasi mnachokubaliana kukurudishia kwa hesabu ile ya kuondoa kodi ya soko. Kama kiasi hakijakubalika, andikeni hivyo hivyo kwamba hakijakubalika, usisaini karatasi inayosema huna dai. Mkataba wa zamani uchorwe mstari na wote wawili mweke saini, kila mmoja abaki na nakala. Faini za barabarani ziangaliwe siku hiyo hiyo, zako uzilipe, ili zisije zikahesabiwa baadaye kuwa sababu ya kuzuia fedha zako. Ukimaliza, mtumie tajiri picha ya karatasi hiyo kwa simu, na subiri mpaka ajibu kwamba ameipata.